Uzi Kutoka Delhi Hadi Tokyo

Delhi, 11 Novemba 2007

Kwa Baba Mdogo, Mwalimu Eliakim,

Salamu nyingi kutoka kwa mtoto wako. Mimi ni mzima, nakula vizuri ingawa pilipili ya huku haina huruma, na natumaini wewe na Mama Selpha mko salama na ng'ombe anatoa maziwa. Mwambie Mama ile sweta aliyonifumia imeanza kazi. Wenzangu walionicheka nilipofika nayo mwezi wa saba sasa wanaiangalia kwa wivu, maana baridi imeingia.

Umeniuliza tena kama ninasomea kupeleka chai ndani ya ndege. Baba, nilikueleza pale uwanja wa ndege na nitakueleza mara ya pili. Mimi sitapanda. Nitakaa chini ofisini, na kabla ndege haijaruka nitakuwa nimeipangia safari yake: ipite wapi, ibebe mafuta kiasi gani, ikutane na upepo gani, na ikishindwa kutua ikimbilie wapi. Rubani haondoki mpaka yeye na mimi tutie sahihi kwenye karatasi moja. Waeleze hivyo watu wa kanisani, wasiendelee kuniombea nisimwage chai.

Wiki hii tumepewa zoezi la kwanza la kweli, Delhi hadi Tokyo. Nimepata kilomita elfu tano mia tisa na kidogo. Kwenda ni saa saba na nusu, kurudi ni saa tisa na nusu. Darasani tuko thelathini na wanne, wengi wanaume wenye miwani, na ni mimi peke yangu niliyepata yote mara ya kwanza. Nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Mtoto wako,
Akumu

Kapseret, 9 Desemba 2007

Kwa binti yangu Akumu,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa, jambo ambalo ni aibu kwa nchi zote mbili. Sisi ni wazima. Mama yako Selpha anakusalimu na anasema sweta usiitie kwenye mashine, iloweke kwa maji ya vuguvugu. Mahindi tumevuna, na mwaka huu yamekubali. Uchaguzi umekaribia na mjini ni kelele za vipaza sauti kutwa, lakini huku Kapseret tumetulia. Mwalimu Lelei, aliyeachiwa shule nilipostaafu, alipita Jumapili. Tulikunywa chai na kubishana siasa mpaka Mama yako akatutoa sebuleni na vikombe vyetu mkononi.

Nimefurahi kwamba umewashinda wenye miwani. Hata hivyo hesabu yako ina makosa mawili, na mimi si mtu wa kunyamazia makosa kwa sababu aliyeyafanya ni wangu. La kwanza: nimepima kwenye ramani yetu ya ukutani, kwa rula ile ile ya mbao niliyofundishia miaka ishirini na saba, nikapata kilomita elfu saba na mia moja. Nimepima mara tatu. La pili: njia moja haiwezi kuwa ya saa saba na nusu ukienda na tisa na nusu ukirudi. Kutoka hapa nyumbani hadi Posta ya Eldoret ni kilomita kumi na mbili, na baiskeli yangu hunichukua muda ule ule nikienda na nikirudi. Waulize tena walimu wako, kwa adabu.

Umenung'unika kwamba nilikunyima cheti chako cha Kidato cha Nne nikakupa nakala yenye muhuri wa wakili. Jibu ni lile lile. Cheti hakisafiri. Nimeona watu wakiacha miaka kumi na miwili ya masomo ndani ya mkoba uliosahauliwa kwenye basi. Chako kiko ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda chetu, na ufunguo ninao mimi mfukoni.

Uchaguzi ukipita nitakuandikia barua ndefu.

Baba yako Mdogo,
Eliakim

Delhi, 8 Januari 2008

Baba,

Sina salamu ndefu. Hapa hosteli kuna televisheni moja. Ijumaa tulikuwa tunakula, nikaona moshi na watu wakikimbia, na jina la Eldoret likapita chini ya kioo. Nimesimama mbele ya ile televisheni siku nne. Simu ya Mama Selpha haiingii. Wewe hukutaka simu, ulisema ni chombo cha watu wasio na la kusema, na sasa sijui nikupate wapi.

Niandikie mstari mmoja tu. Ukitaka, andika kwamba hesabu yangu ina makosa.

Akumu

Eldoret, 24 Februari 2008

Kwa binti yangu Akumu,

Barua zako tatu nimezipata kwa pamoja siku niliyofika Posta. Usiwe na wasiwasi. Kulikuwa na vurugu na sasa zimepungua. Sisi ni wazima, ila Mama yako ana kikohozi cha baridi. Tuna majirani wengi kuliko zamani, watoto wamejaa kila mahali na kunyamaza hakuna. Utaniwia radhi kwa hii karatasi ya daftari. Nimepewa na mtoto wa jirani, na kalamu pia ni ya kuazima.

Ramani sinayo karibu kwa sasa. Kwa hiyo lile suala lako nimelifikiria bila ramani, na nadhani limenifaa kuwa na kitu cha kufikiria. Nilichukua mpira wa watoto, nikauchora mstari wa ikweta kwa makaa, nikaweka alama mbili kwa latitudo na longitudo ninazozikumbuka, Delhi na Tokyo. Kisha nikavuta uzi kutoka alama moja hadi nyingine. Uzi haukukubali kufuata njia ya rula yangu. Ulipanda juu, kaskazini, na ulipopanda ukawa mfupi. Nikarudia. Watoto walinizunguka wakidhani mzee amechanganyikiwa.

Akumu, uzi umekupa haki wewe. Ramani ya ukutani huivuta dunia ikawa pana kadiri unavyoiacha ikweta, na mimi niliwafundisha jambo hilo watoto wa watu kisha nikapima kana kwamba sijalisikia. Elfu tano mia tisa ni sawa. Habari ya kurudi kuchukua muda mrefu zaidi bado naikataa.

Baba yako Mdogo,
Eliakim

Delhi, 22 Machi 2008

Kwa Baba Mdogo,

Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kwenye karatasi ya daftari. Ile sehemu ya "uzi umekupa haki" nimeikata nikaibandika ukutani juu ya kitanda, kwa sababu sijui kama nitaisikia tena katika maisha haya. Mpe Mama pole ya kikohozi. Anywe tangawizi na asilale mahali penye unyevu.

Sasa nikumalizie. Huko juu zinakopita ndege kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Tokyo unakusukuma mgongoni. Ukirudi Delhi unaupasua kwa kifua, saa mbili nzima zinapotea. Hata baiskeli yako ungeipeleka kwenye upepo wa namna hiyo ungeniamini. Tena kuna jambo jingine ambalo hata uzi haulijui. Uzi unapita juu ya Tibet, na ndege hazifuati njia hiyo. Hewa ya ndani ikivuja, rubani lazima ashuke haraka hadi pale watu wanapoweza kupumua, na pale chini ni milima na nyanda za juu, hakuna pa kushukia. Kwa hiyo tunazipeleka kusini, zizunguke juu ya Burma na China ya kusini, zipoteze mamia ya kilomita, zifike.

Musimbi niliyesoma naye ameniandikia kwa kompyuta habari za Kapseret. Za nyumbani kwetu nangoja kutoka kwako.

Na sasa jambo lenyewe. Chuo kimekataa nakala. Kabla ya kukaa mtihani wa leseni mwezi wa Septemba, kila mwanafunzi wa kutoka nje lazima aonyeshe cheti chenyewe cha sekondari, na mwisho ni tarehe 31 Agosti. Bila hicho jina langu linaondolewa, na mwaka mzima umekwenda bure. Fungua sanduku, Baba, unitumie cheti kwa posta ya rejista.

Akumu

Eldoret, 27 Aprili 2008

Kwa binti yangu Akumu,

Natumaini hujambo. Mama yako ameanza kupona. Mvua za masika zimeingia vizuri na watu wanatafuta mbegu. Hali ya nchi inatengemaa, viongozi wameshikana mikono, na wengine wetu tunasikiliza redioni.

Habari ya milima imenigusa kuliko nilivyotarajia. Nimeisimulia hapa kwa watu wazima, na mzee mmoja wa Moi's Bridge, Walubengo, ameniuliza kama ni kweli binti yangu ndiye anayeamua ndege zipite wapi. Nilimwambia ni kweli. Akanisogezea kiti. Nakueleza hilo ujue kwamba unajulikana mahali ambapo hujawahi kufika.

Upepo nimeukubali. Kuhusu cheti, hakuna haraka. Agosti iko mbali. Kama nilivyosema, cheti hakisafiri ovyo. Soma kwa bidii.

Baba yako Mdogo,
Eliakim

Delhi, 18 Mei 2008

Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu, na sikulipata. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mwanafunzi anayezunguka swali ni yule ambaye hajui jibu, au analijua na anaogopa kuliandika.

Swali ni moja. Cheti changu kiko wapi?

Akumu

Eldoret, 8 Juni 2008

Kwa mtoto wangu Akumu,

Mama yako Selpha alisoma barua yako fupi, akaiweka mezani mbele yangu. Akaniambia, "Mwalimu, wewe andika ama mimi nitaandika, na unajua mimi sijui kupamba maneno." Kwa hiyo naandika.

Nyumba haipo. Ilichomwa tarehe 31 Desemba, saa tisa alasiri, jua likiwaka. Walikuja vijana, baadhi yao nimewafundisha, na mmoja niliwahi kumnunulia mkebe wa vifaa vya hisabati kwa sababu mama yake hakuwa na uwezo. Walitupa dakika chache kwa heshima ya ualimu wangu. Walitumia neno hilo hilo, heshima.

Mama alichukua blanketi mbili na sufuria, simu yake ikabaki ndani. Mimi nilipanda juu ya kiti sebuleni, nikatungua cheti changu cha utumishi, kile cha fremu ya dhahabu nilichopewa siku ya kustaafu. Nikakifunga ndani ya koti pamoja na kioo chake. Sanduku lenye cheti chako lilikuwa hatua sita kutoka pale na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nimejaribu miezi mitano kuandika kwamba sikukumbuka. Nilikumbuka. Nilikumbuka nikiwa mlangoni, nikaona siwezi kurudi ndani bila kuweka chini kile nilichobeba, na nikatoka.

Hilo ndilo nililokuficha. Nyumba ningekuambia, watu wengi wamepoteza nyumba. Lakini kukuambia kwamba nilikunyima cheti chako nikidai kukilinda, kisha nikakiacha kiungue ili nibebe changu, mkono ulikataa. Mimi nimejivuna maisha yangu yote, unajua, na ninajua ninachekwa kwa hilo. Sikujua lingefika pale.

Zile kilomita kumi na mbili hadi mjini zilituchukua siku tatu. Barabarani kulikuwa na magogo na watu wanaouliza majina ili wajue kabila la mtu, ikabidi tupite katikati ya mabua ya mahindi, tukizunguka kila kizuizi. Tulikaa kwenye hema pale uwanja wa maonyesho hadi Mei. Sasa tuna chumba kimoja mjini. Barua zako zilinifikia wakati wote huo kwa sababu sanduku la Posta halina habari na nyumba ya mtu, nami niliitumia nafasi hiyo kukudanganya.

Nimeuliza. Cheti kilichoungua hakiandikwi kingine. Baraza la mitihani hutoa barua ya kuthibitisha matokeo, na chuo kikipokea barua hiyo inatosha. Ila kwanza inatakiwa abstrakti ya polisi, yaani hati kwamba umeripoti kilichopotea, kiapo mbele ya wakili, na barua ya mkuu wa shule. Mkuu wa shule ni Lelei. Siku ile tulipita mbele ya geti la shule yetu, na yeye alikuwa amesimama kwa ndani. Tuliangaliana. Hakufungua mdomo na hakufungua geti. Niliapa mbele ya Mama yako kwamba sitakanyaga tena pale. Natafuta njia nyingine.

Eliakim

Delhi, 29 Juni 2008

Kwa Baba Mdogo na Mama Selpha,

Kwanza namshukuru Mungu mko hai. Mama, pole, pole sana. Ningependa kuishika mikono yako.

Baba, nimekasirika. Nimengoja siku mbili hasira ipungue ili nikuandikie vizuri na haijapungua, kwa hiyo naandika nayo. Kwamba nyumba iliungua nilijua tangu Machi, Musimbi aliniambia. Nilitaka nisikie kwako. Ningeweza kukuandikia "najua, tuanze kutafuta barua," lakini nilikaa nikingoja wewe ndiye useme, kwa sababu na mimi nina kichwa kigumu na ninajua nilikokitoa. Miezi mitatu imekwenda hivyo. Hiyo ni juu yangu.

Habari ya fremu sikuijua. Nililia chooni hosteli mpaka msichana wa chumba changu akagonga mlango.

Sasa unaniambia uliapa. Mwalimu, ukikataa kwenda kwa Lelei kwa sababu ya kiapo chako, utakuwa umeniacha ndani ya nyumba ile mara ya pili, na safari hii hakuna mtu anayekuharakisha. Njia nyingine haipo. Umekwisha kuitafuta, najua. Vaa koti uende. Huhitaji kumsamehe. Unahitaji muhuri.

Kuhusu mimi kurudi nyumbani, tusilizungumze kwa sasa.

Akumu

Eldoret, 3 Agosti 2008

Kwa mtoto wangu Akumu,

Nimeweka karatasi yenyewe mbele ya barua hii ili uione kwanza. Ni ya baraza la mitihani, ina muhuri ulioinuka unaoweza kuuhisi kwa kidole, na jina lako liko sawa kila herufi. Nimekagua.

Nilikwenda Kapseret Jumatatu ya tarehe 21 mwezi uliopita. Nilivaa koti. Mama yako alitaka kunisindikiza nikakataa, kisha nilipofika njia panda nikajuta. Pale kwetu nilipita bila kusimama. Lelei alikuwa ofisini. Aliponiona alisimama akagonga meza kwa goti, na hakuketi tena mpaka nilipoondoka.

Alisema, "Mwalimu, ile siku nilikuona."

Nikamwambia, "Najua. Na mimi nilikuona."

"Walikuwa wamesema yule atafungua geti, yake pia itachomwa. Niko na watoto wadogo. Niliogopa, Mwalimu. Hiyo ndio ukweli, sina ingine."

Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Januari. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, ungeyapenda. Lakini mtu anayesema aliogopa, utamwongezea nini? Hasa mimi, na yale niliyofanya kwa hatua sita. Nilimwambia nimekuja kwa sababu ya cheti cha Akumu. Akatoa vitabu vya mwaka wako, akatafuta jina kwa kidole. Alipolipata akaniita nilione: Jiografia, A. Akasema, "Huyu ni wetu pia." Aliandika barua kwa mkono, akaichana kwa kosa moja la nukta, akaandika upya. Unajua huyo mtu hakuwahi kujali nukta.

Nairobi, kwenye baraza la mitihani, nilikwenda mwenyewe na nilisimama kwenye foleni siku mbili. Sikuwaambia kwamba mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisimama kama watu wengine, wengi wao wa kwetu huku, kila mmoja na kitu chake kilichoungua.

Ninatuma kwa njia ya haraka. Samahani, Akumu. Neno hili nimewafundisha wengi kuliandika na mimi sijalitumia inavyostahili.

Baba yako Mdogo,
Eliakim

Delhi, 15 Machi 2009

Kwa Baba Mdogo na Mama Selpha,

Natumaini kadi yangu ya Novemba iliwafikia, ile ya kwamba nimefaulu mtihani wa leseni. Niliiandika mistari miwili tu. Mama, nimesikia mmerudi Kapseret na mna mabati juu ya kichwa. Musimbi anasema umepanda sukuma wiki kabla hata mlango haujawekwa. Huyo ndiye Mama ninayemjua.

Karatasi yako ilifika tarehe 26 Agosti, siku tano kabla ya kufungwa. Karani aliigeuza, akaipeleka kwa mkubwa wake, akarudi na kuniandika. Sikukuandikia asante wakati ule. Nilikuwa bado nimekasirika, na nilitaka nikushukuru siku ambayo asante yangu itakuwa nzima. Leo ni nzima. Asante, Baba.

Jana nilipanga safari peke yangu kwa mara ya kwanza, na ilikuwa Delhi hadi Tokyo. Sikuichagua, ilinikuta zamuni. Abiria mia mbili thelathini na mmoja. Nilichora njia ya kusini, nikaongeza mafuta kwa sababu ripoti ya upepo sikuipenda, na msimamizi wangu alisoma karatasi dakika nzima. Kisha akampa rubani. Rubani alitia sahihi chini ya jina langu, akaniuliza nimesomea wapi. Nilimwambia Kapseret. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba anapajua.

Zamu yangu iliisha na sikuondoka. Nilikaa nikiifuata kwenye kioo, alama ndogo inasogea, mpaka ikatua. Saa saba na dakika ishirini na mbili. Kati ya wale watu mia mbili thelathini na mmoja hakuna anayejua jina langu, na ni sawa. Ninyi wawili mnalijua.

Akumu

Kapseret, 12 Aprili 2009

Kwa mtoto wangu Akumu,

Leo ni Pasaka. Mama yako yuko nje anagombana na kuku waliovamia sukuma wiki yake. Tuna vyumba viwili na choo. Kikohozi kimekwisha. Majirani wengine wanatusalimu na wengine bado wanaangalia chini, na sisi tunawasalimu wote.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama pale Posta, na mara ya pili nikimsomea Mama yako. Mara ya tatu niliisoma shuleni. Lelei alikuwa ameniomba niwafundishe Kidato cha Nne kwa vile mwalimu wao wa jiografia alihama mwaka jana na hakurudi. Nilikuwa sijamjibu. Nilipoipata barua yako nilikwenda moja kwa moja nikamwambia naanza siku hiyo hiyo.

Niliwasomea wanafunzi jinsi rubani alivyotia sahihi chini ya jina lako. Kisha nikawaambia kwamba msichana huyu alikaa kwenye darasa hili hili, na kwamba mimi ndiye niliyemfundisha. Niligundua nimelisema hilo la pili kwa sauti kubwa kuliko la kwanza. Nikawaeleza na lile sanduku, na ile fremu, yote. Lelei alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani wataniheshimu zaidi ya awali au wataacha kuniheshimu kabisa, lakini walinitazama tu wakingoja somo liendelee, nami nikaendelea.

Mwishoni msichana mmoja wa mstari wa mbele, anaitwa Seline, aliinua mkono. Alisema, "Mwalimu, na kutoka huko Delhi mpaka hapa kwetu, huyo dada anachukua masaa ngapi?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Ningeweza kumpa kilomita. Nilishazipima kwa uzi zamani. Ningeweza kumpa hata masaa. Lakini nilijua vizuri anachouliza, kwa sababu Mama yako huniuliza hivyo hivyo kila Jumapili, na mimi humjibu kwa kilomita.

Miaka ishirini na saba darasani, na sijawahi kumwambia mwanafunzi kwamba sijui. Nilimwambia Seline sijui. Nikamwambia yuko mtu mmoja tu anayejua, na kwamba nitamwandikia.

Nakuuliza, Akumu. Andika jibu, na uliandikie tarehe ya kufika.

Eliakim